Likizo ya Ziwa Garda, Italia: Panga Pesa Kabla ya Kupanga Begi

Swali tunaloulizwa na wateja wanaojiandaa kusafiri ni hili: "Nikienda Ulaya, naweza kulipa na pesa za simu?" Jibu fupi ni ndiyo, lakini si vile unavyomlipa mama mboga au matatu. Kule hakuna till, hakuna paybill, na muuza aiskrimu kando ya ziwa hatakupa nambari ya simu umtumie. Kuna njia ya kuzifikisha pesa zako hadi kule. Usipoielewa kabla ya kuondoka, unaweza kujikuta kaunta ya hoteli na begi mkononi, pesa unazo, lakini hazilipi.

Leo tuchukue safari moja halisi: wiki moja Ziwa Garda, Italia, wakati wa kiangazi cha huko. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kiangazi cha Ulaya huangukia likizo ya Agosti ya shule zetu, wakati Nairobi bado tunavaa majaketi. Pili, Waitaliano si wageni kwetu. Mtu wa Malindi au Watamu anajua kusema "ciao" tangu utotoni, na wengi wana ndugu, mwenza au rafiki aliyeko Italia.

Lijue ziwa kwanza

Garda ndilo ziwa kubwa zaidi Italia, lenye kilomita mraba 370 hivi. Ukililinganisha na Ziwa Victoria ni kama kidimbwi, lakini usilidharau: kina chake kinafika mita 346, ilhali Victoria pale penye kina zaidi ni mita 80 hivi tu. Liko kaskazini mwa nchi, kati ya Milano na Venezia, na limegawanywa na mikoa mitatu: Lombardia, Veneto na Trentino-Alto Adige.

Mahali utakapolala panaamua utatumia kiasi gani. Upande wa kusini ni tambarare, na ndiko treni inakopita. Reli ya Milano hadi Venezia ina stesheni mbili hapo ziwani: Desenzano na Peschiera. Kutoka Milano hadi Desenzano ni kama saa moja na kitu, na kutoka Verona hadi Peschiera ni kama dakika 15. Ukilala karibu na mojawapo ya stesheni hizi huhitaji kukodi gari.

Upande wa kaskazini, kwa Riva na Malcesine, milima inaingia moja kwa moja majini. Ni kuzuri sana, lakini treni haifiki. Utategemea basi au meli. Malcesine kuna kebo ya kupanda Mlima Baldo ambayo behewa lake huzunguka taratibu likipanda, ili kila abiria aone pande zote.

Miezi ya Julai na Agosti ndiyo yenye watu wengi na bei za juu. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa inayoitwa Ferragosto, na wiki hiyo Italia nzima iko likizo. Kama huna mtoto wa shule, fikiria Juni au Septemba. Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, kwa hivyo siku yako moja ni ndefu kuliko ya hapa nyumbani.

Viza ndiyo inayopanga matumizi mengine

Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen. Ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya miaka 6 ni bure. Kituo kinachopokea maombi huongeza ada yake ya huduma. Ukinyimwa viza, ada hairudishwi. Ndiyo maana mpangilio wa malipo ni muhimu kuliko kiasi chenyewe.

Mambo ya kuzingatia:

- Unaruhusiwa kutuma maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15 kwa kawaida, lakini unaweza kuchukua hadi siku 45. Kama unaenda tarehe 1 Julai, lenga Machi au Aprili. Usingoje Juni, kwa sababu hata nafasi ya miadi inaweza kukosekana.
- Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu.
- Bima ya matibabu ya safari iwe ya angalau yuro 30,000.
- Ukitembelea nchi zaidi ya moja, omba viza katika nchi utakayokaa siku nyingi zaidi.

Sasa, pesa. Ubalozi unataka kuona unaweza kujilipia. Utatoa taarifa za akaunti yako za miezi kadhaa, na taarifa ya pesa za simu unaweza kuiambatanisha kama ushahidi wa ziada, hasa kama biashara yako inalipwa kwa simu. Lakini usikope laki tatu kwa wiki moja na kuziweka kwenye akaunti ili ionekane imenona. Anayesoma taarifa hizo kila siku anaona pesa zilizoingia jana na hazina maelezo. Akaunti yenye mapato ya kawaida, hata kama si makubwa, inasomeka vizuri kuliko iliyovimba ghafla.

Na hii ndiyo kanuni ya kwanza: kabla viza haijatoka, usilipe chochote kisichorudishwa. Chagua hoteli unayoweza kufuta bila malipo, na uangalie tarehe ya mwisho ya kufuta. Weka nafasi ya ndege badala ya kununua tiketi, au nunua ile inayorudishwa pesa. Vyumba vya bei ya kutupa huwa ni vile visivyorudishwa, na hapo ndipo watu huchomeka.

Weka akiba kwa tarehe, si kwa matumaini

Tuseme wewe na mwenzako mmepiga hesabu na kupata jumla ya shilingi 480,000. Hii ni mfano tu. Yako utaipata kwa kuandika bei halisi ulizoziona siku hiyo: ndege, viza, bima, usiku 7 za kulala, chakula, usafiri wa ndani, na pesa za dharura. Mkianza Novemba hadi Juni mna miezi 8. Hiyo ni 60,000 kwa mwezi kwa wote wawili, yaani 30,000 kila mtu, au kama shilingi 1,000 kwa siku.

Ukiiona kwa siku, ndipo unajua kama safari inawezekana mwaka huu au mwaka ujao. Kujua hivyo mapema si aibu. Afadhali kusukuma safari kuliko kukopa kwa simu ili uende likizo, halafu Septemba unalipa mkopo na karo kwa wakati mmoja.

Tenga pesa hizo kwenye akiba iliyofungwa, si kwenye salio lako la kila siku. Salio la kila siku huliwa na mambo madogo: tokeni za stima, mchango wa harambee, "nikopeshe kidogo nitarudisha Ijumaa." Kama mna chama, elewaneni mapema siku ya kutoa, kwa sababu ndege na viza haviwezi kungoja zamu yako ifike.

Pesa ya simu inafikaje kwenye mashine ya kadi Italia?

Pochi yako ya simu imeunganishwa na mtandao wa Kenya. Duka la Italia linapokea pesa taslimu au kadi. Kwa hivyo pesa zako lazima zipitie kadi, na kuna aina mbili.

Ya kwanza ni kadi pepe. Hii haina plastiki. Unaiunda ndani ya programu ya simu, unapata nambari, tarehe ya mwisho na tarakimu tatu za usalama, nayo inatoa pesa kwenye pochi yako. Inafaa kwa malipo ya mtandaoni: hoteli, bima, tiketi za treni, tiketi za opera pale Arena ya Verona. Lakini kwa kuwa haina plastiki, huwezi kuichomeka kwenye mashine wala ATM.

Ya pili ni kadi ya plastiki, ya benki au ya kulipia kabla. Hii ndiyo utakayoigusisha kwenye mashine ya mkahawa na kutolea yuro ATM.

Ushauri wetu: beba zote mbili, na ukiweza uwe na kadi ya pili ya plastiki, uiweke mbali na ya kwanza. Ukipoteza begi, usipoteze kila kitu. Halafu fanya haya ukiwa bado nyumbani:

- Angalia kikomo chako. Mwamala mmoja wa pesa za simu una kikomo chake, siku ina kikomo chake, na kadi inaweza kuwa na kikomo kingine tofauti. Kama bili ya hoteli inazidi kikomo cha mwamala, ni heri ujue ukiwa Kenya.
- Ijulishe benki yako kwamba utasafiri, na uulize kama kadi inakubali malipo ya nje. Kadi nyingi huzimwa kwa usalama zikiona muamala wa ghafla kutoka nchi nyingine.
- Jaribu kulipa kitu kidogo mtandaoni kwa yuro. Kama kinagoma, kigome ukiwa sebuleni kwako.
- Acha nafasi kwenye salio. Kiwango cha kubadilisha pesa kinaweza kusonga kati ya siku uliyolipa na siku muamala unapokamilika.

Mashine ikikuuliza: yuro au shilingi?

Ukitoka na jambo moja tu kwenye makala hii, liwe hili. Ukilipa na kadi ya Kenya, mashine inaweza kukuonyesha chaguo mbili: lipa kwa EUR au lipa kwa KES. Ya shilingi inavutia kwa sababu unaielewa. Mhudumu anaweza hata kukuchagulia, akidhani anakusaidia.

Ukichagua shilingi, anayebadilisha pesa ni kampuni iliyo nyuma ya mashine ile, kwa kiwango chake, na faida yake iko ndani. Ukichagua yuro, ubadilishaji unafanywa na mtandao wa kadi pamoja na aliyekupa kadi, na kwa kawaida ni nafuu.

Tupige hesabu. Tuchukulie kwa mfano kwamba yuro 1 ni shilingi 150, na bili ya hoteli ni yuro 600. Bila makato yoyote ni shilingi 90,000. Kama kadi yako inakata asilimia 3 kwa malipo ya nje, utalipa 92,700. Sasa mashine ikikuwekea kiwango kilichopandishwa kwa asilimia 7 ukikubali shilingi, utalipa 96,300. Tofauti ni 3,600 kwa kubonyeza kitufe kimoja, na hiyo ni bili moja tu. Rudia kwa wiki nzima, kwenye ATM na kwenye maduka, uone itafika wapi.

Kwa hivyo: chagua yuro kila wakati. Kama mhudumu ameshakubonyezea shilingi, mwombe afute na aanze upya kabla hujaweka PIN. ATM nayo itakuuliza kama unakubali "conversion". Ikatae. Bado utapata pesa zako, ila zitabadilishwa upande wa kadi yako.

Pesa zilizoshikiliwa hazijaibwa

Unapofika, hoteli inaweza kushikilia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Kampuni za kukodisha magari hushikilia kiasi kikubwa zaidi, na nyingi hazikubali kadi ya kulipia kabla. Zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Pesa hizo hazijachukuliwa, lakini huwezi kuzitumia hadi ziachiliwe, na kuachiliwa kunaweza kuchukua siku kadhaa. Mtu aliyeweka salio la kutosha tu anaweza kukwama hapa. Uliza kabla: "Mtashikilia kiasi gani, na mtakiachilia lini?"

Ukifuta chumba na urudishiwe pesa, zitarudi kwenye kadi ileile uliyolipia. Usiifute kadi pepe yako hadi zirudi.

Ukiamua kukodi gari, utahitaji pia kibali cha kimataifa cha kuendesha, ambacho Kenya hutolewa na Automobile Association of Kenya. Katikati ya miji mingi ya Italia kuna maeneo yaliyoandikwa ZTL, ambamo magari ya wageni hayaruhusiwi kuingia bila idhini. Kamera inakupiga picha na faini inakufuata baadaye. Kwa wiki moja ya Garda, treni na meli zinatosha.

Laini yako ya Kenya ndiyo ufunguo

Ukilipa mtandaoni, nambari ya kuthibitisha hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya Kenya. Ukiitoa laini ili uweke ya Italia, umejifungia nje ya nyumba yako. Washa huduma ya kutumia laini ukiwa nje kabla ya kuondoka, na uulize gharama zake. Zima data kwenye laini ya Kenya, halafu tumia eSIM au laini ya huko kwa intaneti, kama simu yako inabeba laini mbili. Baadhi ya programu za pesa hukataa kufunguka kama laini yenyewe haimo ndani ya simu.

Hivyo utaweza pia kushughulikia mambo ya nyumbani: kumtumia dada wa kazi mshahara au kumlipa fundi. Italia wakati wa kiangazi iko nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hivyo hutaamshwa usiku wa manane.

Matapeli nao wanapenda mtu aliye safarini. Simu yako ikiwa imezimwa kwenye ndege, mtu anaweza kujaribu kubadilisha laini yako na kuichukua nambari. Kabla ya safari, pitia duka la mtandao wako uulize jinsi ya kuilinda laini isibadilishwe bila wewe. Usitangaze tarehe za safari mitandaoni. Na kumbuka: hakuna mhudumu wetu atakayekuuliza PIN, hata kama anajua jina lako lote na hoteli uliyofikia.

Nyumba hewa na agenti wa viza

Utapeli wa kwanza ni nyumba ya likizo isiyokuwapo. Picha ni nzuri, iko ukingoni mwa ziwa, bei ni nusu ya zingine. Mwenye nyumba anakuambia: "Tusilipie kwenye tovuti, nitumie moja kwa moja nikupunguzie." Ukituma hivyo, umetoka nje ya ulinzi wa tovuti na wa kadi. Malipo ya kadi yanaweza kupingwa. Pesa uliyomtumia mtu mkononi ni vigumu sana kuirudisha.

Wa pili ni agenti anayekuhakikishia viza. Hakuna mtu anayeweza kuihakikisha. Uamuzi ni wa ubalozi peke yake. Kusaidiwa kujaza fomu ni sawa, lakini anayekutengenezea barua ya kazi au taarifa ya akaunti bandia anakuharibia jina. Ombi linaponaswa na nyaraka za uongo, hata maombi yako yajayo yatatiliwa shaka.

Ukifika: gharama ndogo zisikushtue

- Kodi ya mgeni. Hoteli hutoza kiasi kidogo kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi hakimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. Weka yuro chache taslimu kwa ajili yake.
- Coperto. Ni ada ya kukaa mezani katika mkahawa, huhesabiwa kwa kila mtu. Si wizi, imeandikwa kwenye menyu. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta mara nyingi ni nafuu kuliko ukikaa.
- Tiketi ya treni. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoa lazima uigonge muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Usipofanya hivyo unaweza kutozwa faini, hata kama umelipa.
- Meli. Kama utashuka miji mingi kwa siku moja, uliza kuhusu tiketi ya siku nzima badala ya kulipia kila safari.
- Vya bure. Fukwe nyingi za Garda ni za bure. Ni za kokoto, kwa hivyo beba viatu vya majini. Maji ya bomba yananyweka, beba chupa. Kuitazama ngome ya Sirmione ukiwa nje hakutozwi.
- Upepo. Asubuhi unavuma Pelér kutoka kaskazini, mchana Ora kutoka kusini. Wenye matanga wanaupenda, lakini mwogeleaji anaweza kusukumwa mbali na ufuo, na kina huongezeka ghafla. Usimwache mtoto peke yake majini.
- Dharura. Piga 112.

Kabla hujaenda uwanja wa ndege

Hakikisha umetimiza haya: viza iko kwenye pasipoti, bima imelipwa, kadi mbili ziko sehemu tofauti, umejaribu malipo ya yuro, unajua vikomo vyako, laini ya Kenya itapokea ujumbe ukiwa nje, na nambari ya kupiga ukipoteza kadi umeiandika kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake. Beba pia adapta, kwa sababu plagi zetu za pini tatu haziingii kwenye soketi za Italia.

Kama kuna hatua hujaielewa, fungua sehemu ya msaada ndani ya programu ukiwa bado hapa nyumbani. Kurekebisha kikomo au kufungua kadi iliyozimwa ni rahisi zaidi ukiwa na laini, kitambulisho na muda mkononi.

Safari njema, na ukiulizwa na mashine, jibu lako unalijua: yuro.